William Gladstone na mali ya baba yake

William Ewart Gladstone alizaliwa tarehe 29 Desemba 1809 katika nyumba namba 62 ya mtaa wa Rodney, Liverpool, akiwa mtoto wa tano kati ya sita na wa mwisho kati ya wavulana wanne. Alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikia, na akakaa bungeni zaidi ya miaka 60. Vitabu vingi humsimulia kwa bajeti zake, hotuba zake na vita yake ya muda mrefu juu ya Ireland. Yote hayo yana nafasi yake. Hata hivyo, maisha yake hayaeleweki sawasawa mpaka daftari la mahesabu la baba yake lifunguliwe kwanza, kwa sababu mali iliyomsomesha, iliyomwingiza bungeni na iliyomsaidia kuokoa mali ya ukweni ilitoka kwa sehemu kubwa katika jasho la Waafrika waliokuwa watumwa ng'ambo ya Atlantiki.

Baba huyo, John Gladstone, alizaliwa Leith, Scotland, mwaka 1764, mtoto wa mfanyabiashara wa nafaka. Alihamia Liverpool akiwa kijana, akaanza na biashara ya ngano, kisha akapanua mkono hadi Marekani, India na visiwa vya Karibi. Mke wake wa pili, Anne Robertson wa Dingwall, ndiye aliyemzalia watoto wote sita: Anne, Thomas, Robertson, John Neilson, William na Helen. Mama alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara na mcha Mungu wa kupindukia. Baba alikuwa mtu wa amri na hesabu, aliyewataka watoto wake kujadili kila jambo mezani kwa hoja. John aliingia bungeni mwaka 1818, na mwaka 1829 akanunua shamba kubwa la Fasque huko Scotland. Mwaka 1846 akapewa cheo cha baroneti. Kwa macho ya Liverpool, huyo alikuwa mtu aliyejikwamua kwa juhudi zake mwenyewe.

Macho ya Demerara, koloni ambalo leo ni sehemu ya Guyana, yaliona kitu kingine. Huko John Gladstone alimiliki mashamba ya miwa, yakiwemo Success na Vreed en Hoop, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga ardhi hiyo. Mashamba yaliendeshwa na mawakala, na barua ndizo zilizosafirisha amri na faida. Tarehe 18 Agosti 1823, katika shamba lake la Success, yalianza maasi makubwa ya watumwa. Chanzo kilikuwa tetesi yenye kiini cha kweli. Serikali ya London ilikuwa imetuma maagizo ya kupunguza ukali wa utumwa, gavana akayakalia, na watumwa wakaamini kwamba mfalme amewapa uhuru na mabwana wao wameuficha. Zaidi ya watu 10,000 waliinuka katika mashamba ya pwani ile.

Majina mawili yamebaki kutoka siku hizo. Quamina alikuwa seremala wa Success na shemasi katika kanisa la wamisionari. Mwanawe, Jack, aliitwa Jack Gladstone, kwa kuwa mtumwa alibeba jina la mwenye shamba. Jack alikuwa miongoni mwa waongozaji wa maasi. Quamina aliwasihi wenzake wasimwage damu, akaona afadhali waweke chini zana na kukataa kazi. Kwa hakika wazungu waliouawa walikuwa wachache sana, wakati askari na wanamgambo wa koloni waliua mamia ya Waafrika, wengine kwa risasi mashambani na wengine kwa kunyongwa baada ya kesi za haraka. Quamina aliwindwa msituni, akapigwa risasi Septemba, na mwili wake ukatundikwa kwa minyororo kando ya barabara mbele ya shamba la Success, ili kila anayepita auone. Jack alihamishwa kwa nguvu hadi kisiwa cha Saint Lucia. Mmisionari John Smith, aliyewafundisha dini, alihukumiwa kifo na akafia gerezani kabla habari ya kusamehewa na mfalme haijamfikia. William alikuwa na miaka 13 wakati huo, mwanafunzi wa shule ya Eton. Baba yake alikuwa akiandika magazetini, kwa jina la kalamu la Mercator, kuutetea utumwa dhidi ya wapinzani wake wa Liverpool.

Kutoka Eton William alikwenda chuo cha Christ Church, Oxford, na mwaka 1831 akafaulu kwa daraja la kwanza katika fani mbili, lugha za kale na hisabati. Alitamani kuwa kasisi, lakini baba alitaka awe mwanasiasa, na matakwa ya baba yakashinda. Desemba 1832, akiwa na miaka 22, alichaguliwa kuwa mbunge wa Newark kwa msaada wa Duki wa Newcastle, mwinyi mkubwa aliyekuwa na sauti kubwa katika jimbo hilo.

Hotuba yake ya kwanza yenye uzito, Juni 1833, ilihusu mashamba ya nyumbani kwao. Mbunge mwenzake, Lord Howick, alikuwa ameeleza bungeni jinsi watumwa wa Vreed en Hoop walivyokuwa wakifa huku uzalishaji wa sukari ukipanda, akimlaumu meneja wa shamba hilo. Mbunge kijana alisimama kumtetea meneja wa baba yake. Alikubali kwamba utumwa uishe, lakini polepole, baada ya watumwa kuandaliwa kimaadili, na wenye mali walipwe fidia. Waandishi kadhaa wa maisha yake wameipita hotuba hii kwa haraka, wakiiita makosa ya ujana. Haistahili kupitwa hivyo. Alikuwa na akili kuliko wabunge wengi, alikuwa na takwimu mkononi, na alikuwa mtu wa sala. Vyote hivyo alivitumia kupinga uhuru wa haraka wa watu ambao kazi yao ilikuwa imelipa ada yake ya shule.

Sheria ya kukomesha utumwa ilipita mwaka huohuo. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, kiasi kilichokaribia asilimia 40 ya matumizi yake ya mwaka, na ikakopa ili kuzilipa. Deni hilo lilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Fidia ilikwenda kwa waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti. John Gladstone alipokea takriban pauni 106,769 kwa ajili ya watu 2,508, mojawapo ya malipo makubwa kabisa kwa mtu mmoja. Juu ya hapo, watumwa wa mashambani walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale kwa miaka kadhaa chini ya kilichoitwa uanagenzi. Machi 1838, wabunge wengine walipodai uanagenzi ufutwe mara moja, William alisimama tena upande wa wenye mashamba.

Wakati huo baba alikwishatafuta mikono mingine. Aliiandikia kampuni moja ya Calcutta akiomba vibarua kutoka India, na mwaka 1838 meli mbili, Whitby na Hesperus, zilifika Demerara na watu wapatao 400. Baadhi yao waliishia Vreed en Hoop. Ripoti za kuchapwa viboko na kunyimwa ujira zilianza mapema, na serikali ikasimamisha kwa muda uletaji wa vibarua hao. Ukafufuliwa baadaye, na Wahindi wengi wa Guyana ni wazao wa watu walioletwa kwa njia iliyofunguliwa na mfanyabiashara huyu. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu mkondo huohuo, kwani vibarua wa mkataba kutoka India ndio waliojenga reli ya Uganda kuanzia Mombasa miaka ya 1890.

Tarehe 25 Julai 1839 William alimwoa Catherine Glynne katika kanisa la Hawarden, kaskazini mwa Wales. Zilikuwa harusi mbili kwa siku moja, kwa kuwa dada yake Catherine, Mary, aliolewa na Lord Lyttelton hapohapo. Ndoa ya William na Catherine ilidumu karibu miaka 59. Wawili hao hawakufanana kwa tabia: mume alipanga kila dakika na kuiandika katika shajara aliyoitunza tangu 1825 hadi 1896, mke alipoteza barua, alisahau miadi na kufanya mambo makubwa bila utaratibu wowote. Catherine alianzisha makao ya yatima Hawarden na nyumba ya wagonjwa wanaopata nafuu, na wakati viwanda vya pamba vya Lancashire vilipofungwa kwa sababu ya vita vya Marekani alikwenda mwenyewe kuwasaidia wasio na kazi.

Ukwe ulileta pia mzigo. Kaka yake Catherine, Sir Stephen Glynne, alikuwa na hisa katika kiwanda cha chuma cha Oak Farm, ambacho kilianguka mwaka 1847 na karibu kuizamisha ardhi yote ya Hawarden kwa madeni. William alitumia miaka mingi na fedha nyingi kuikomboa, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya baba yake. Wasifu wengi husema kwamba hesabu za Oak Farm ndizo zilizomkomaza kuwa Waziri wa Fedha hodari. Huenda ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba sukari ya Demerara ilisaidia kulinda nyumba ambayo baadaye ilikuja kuhesabiwa kama ngome ya siasa za haki na dhamiri.

Walizaa watoto wanane. Catherine Jessy, wa nne, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 4, akafa Aprili 1850 baada ya siku nyingi za maumivu. Baba yake alikesha kando ya kitanda, kisha akalisindikiza jeneza dogo kwa treni kutoka London hadi Fasque ili mtoto azikwe kwenye kaburi la familia, na akaandika kumbukumbu ndefu ya maisha yake mafupi. Mtu aliyejulikana kwa ubaridi wa hesabu alionekana hapo akiwa amevunjika kabisa.

Dada yake mdogo, Helen, alimtesa moyo kwa namna nyingine. Alikuwa mwerevu, akanyimwa elimu ambayo kaka zake walipewa kwa sababu tu alikuwa mwanamke, akajikuta nyumbani akimhudumia baba mzee. Akazoea laudanamu, dawa ya kasumba iliyouzwa wazi madukani wakati huo, na mwaka 1842 akajiunga na Kanisa Katoliki. William aliona hatua hiyo kama fedheha kwa familia, akamshauri baba amfukuze nyumbani. Mwaka 1845 alimfuata Baden-Baden, Ujerumani, kumrudisha. Miaka michache kabla ya hapo, Aprili 1840, alikuwa ametoa bungeni hotuba kali ya kulaani vita vya kasumba dhidi ya China. Maumivu ya nyumbani yalikuwa ndani ya hotuba ile, na katika jambo hili Gladstone alikuwa upande wa haki tangu mwanzo. Kwa Helen mwenyewe hakuwa na huruma ya kutosha. Alipofariki Cologne mwaka 1880, kaka zake walimzika Fasque kwa ibada ya Kianglikana, William akishikilia kwamba dada yake alikwisha kuuacha Ukatoliki.

Kuna desturi nyingine iliyowasumbua marafiki zake. Kwa miongo kadhaa alitembea usiku katika mitaa ya London akizungumza na makahaba na kujaribu kuwatoa katika maisha hayo. Catherine alijua, na baadhi ya wanawake hao walikaribishwa nyumbani. Shajara inaonyesha kwamba kazi hiyo ilimletea vishawishi, na kwamba kwa muda fulani alijichapa mjeledi kama adhabu. Maadui walijaribu kumtisha kwa habari hizo, naye hakuacha.

Siasa zake zilibadilika taratibu. Aliingia bungeni akiwa Mhafidhina mkali, akamfuata kiongozi wake, Robert Peel, katika kufuta ushuru wa nafaka, na kufikia mwaka 1859 alikuwa ndani ya serikali ya Kiliberali. Akiwa Waziri wa Fedha alifuta mamia ya ushuru na akaondoa kodi ya karatasi mwaka 1861, hatua iliyoshusha bei ya magazeti na vitabu hadi mfuko wa mfanyakazi ukaweza kuvifikia. Serikali yake ya kwanza, kuanzia 1868, iliondoa kanisa la Kianglikana la Ireland katika hadhi ya kanisa la dola, ikaleta sheria ya elimu ya msingi ya 1870 na kura ya siri ya 1872.

Katika suala la utumwa alibadilika polepole kuliko katika mengine yote. Mwaka 1850 aliunga mkono hoja ya kuziondoa meli za doria zilizozuia biashara ya watumwa Afrika Magharibi. Oktoba 1862, akiwa Newcastle, alisema hadharani kwamba viongozi wa Kusini mwa Marekani, waliokuwa wakipigania kubaki na watumwa, wameunda taifa. Maneno hayo yaliiaibisha serikali, na baadaye aliyajutia. Katika uzee wake alikiri kwamba juu ya utumwa umma ulikuwa sahihi na tabaka la juu lilikosea. Alikuwa amelijua tabaka hilo tangu mezani kwa baba yake.

Hapa ndipo pwani ya Afrika Mashariki inapoingia. Ilikuwa serikali ya Gladstone iliyomtuma Sir Bartle Frere kwenda Zanzibar, ambako alifika Januari 1873, kumtaka Sultani Barghash apige marufuku biashara ya watumwa. Barghash alikataa. Balozi John Kirk aliendelea kumbana, na tishio la manowari kuifunga Zanzibar likamaliza ubishi. Mkataba ulisainiwa tarehe 5 Juni 1873, soko la Mkunazini likafungwa, na wamisionari wakajenga kanisa kuu mahali hapo. Msukumo ulitoka zaidi kwa wapiganaji wa kupinga utumwa, kwa barua za mmisionari Livingstone na kwa Frere mwenyewe kuliko kwa Waziri Mkuu, ambaye siku zote alihofia gharama. Hata hivyo serikali ilikuwa yake. Na ikumbukwe kwamba mkataba ule ulifunga biashara ya baharini na masoko tu; utumwa wenyewe uliendelea Unguja na Pemba hadi amri ya 1897.

Hamu ya kutawala Afrika Mashariki hakuwa nayo. Desemba 1884, wenzake barazani walipopendekeza kutwaa nchi ya Kilimanjaro, alimwandikia waziri Charles Dilke akishangaa jinsi watu makini walivyobuni mpango juu ya nchi ya milima nyuma ya Zanzibar, ambayo jina lake alisema halikumbukiki. Miezi michache baadaye Wajerumani walitangaza himaya yao upande wa bara. Miaka minane baadaye, katika serikali yake ya nne, ugomvi ulihusu Uganda: kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikisimamia eneo hilo ilikuwa imeishiwa fedha, Gladstone alitaka waondoke, na waziri wake wa mambo ya nje, Lord Rosebery, alitaka wabaki. Rosebery alifanikiwa kumtuma Gerald Portal kuchunguza, na mwaka 1894, baada ya Gladstone kujiuzulu, Uganda ikatangazwa kuwa nchi lindwa. Lakini asisifiwe kupita kiasi kama mpinga ukoloni. Mwaka 1882 ni yeye aliyeamuru majeshi yaivamie Misri, na Waingereza wakabaki huko kwa miongo mingi.

Ireland ilimchukua miaka yake ya mwisho ya nguvu, na iliingia hadi ndani ya ukoo. Tarehe 6 Mei 1882 Lord Frederick Cavendish, mume wa mpwa wa Catherine, aliuawa kwa visu katika bustani ya Phoenix, Dublin, siku ileile aliyoanza kazi kama waziri wa Ireland. Gladstone hakugeuka ili kulipiza kisasi. Mwaka 1886 alileta muswada wa kuipa Ireland serikali ya ndani, ukashindwa kwa kura 341 dhidi ya 311 na chama chake kikagawanyika. Mwaka 1893, akiwa na miaka 83, aliupitisha katika Baraza la Makabwela, na Baraza la Malodi likautupa kwa kura 419 dhidi ya 41. Huo ndio ujasiri wake mkubwa kuliko wote, na inasikitisha kuufikiria pamoja na msimamo wake wa ujanani juu ya Demerara.

Katika uzee aliamua kutoa vitabu vyake viwe maktaba ya umma Hawarden. Binti yake Mary na mtumishi wake walimsaidia, na mzee wa miaka 80 na zaidi alisukuma toroli lililojaa vitabu kutoka kwenye kasri alimoishi hadi kwenye jengo la mabati, akivipanga mwenyewe rafuni. Vilifika 32,000, na akaongeza pauni 40,000 za kuiendesha maktaba. Alifariki kwa saratani tarehe 19 Mei 1898, akazikwa Westminster Abbey. Catherine alimfuata Juni 1900, akalazwa kando yake.

Watoto walishika njia mbalimbali. William Henry, mkubwa, alikuwa mbunge na akafa kabla ya baba yake, mwaka 1891. Mtoto wake pekee wa kiume, aliyekuwa mbunge pia, aliuawa vitani Ufaransa Aprili 1915. Stephen alikuwa kasisi wa Hawarden. Helen alipata kile alichonyimwa shangazi aliyempa jina, akawa makamu mkuu wa chuo cha wanawake cha Newnham, Cambridge. Henry alifanya biashara India.

Herbert, kitindamimba, alikuwa waziri wa mambo ya ndani kisha, mwaka 1910, akawa Gavana Mkuu wa kwanza wa Muungano wa Afrika Kusini, dola iliyowanyima Waafrika walio wengi haki ya kushiriki bungeni. Mwaka 1913 bunge la Wazungu lilipitisha sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kununua ardhi nje ya maeneo machache waliyotengewa. Viongozi wa chama kilichokuja kuitwa ANC walimwomba azuie idhini yake. Alijibu kwamba hilo halimo katika mamlaka yake ya kikatiba, akaidhinisha. Kwa mara nyingine tena, mtu wa ukoo huu alisimama penye uamuzi uliogusa maisha ya Waafrika wengi, na akatafuta hifadhi katika utaratibu.

Agosti 2023, miaka 200 tangu maasi ya Success, wazao wa familia walikwenda Georgetown na kuomba radhi hadharani katika Chuo Kikuu cha Guyana. Aliyesoma tamko alikuwa kilembwe wa William. Familia iliahidi pia fedha kwa ajili ya utafiti chuoni hapo. Rais Irfaan Ali alikwishasema, siku moja kabla, kwamba wazao wa waliofaidika na utumwa wanapaswa kulipa fidia, na baadhi ya wananchi waliojitokeza siku hiyo walibeba mabango yenye dai hilohilo.